Tishio si picha ghushi pekee, bali picha ya kweli inapokanushwa

WAHENGA walipolonga kwamba mwenye macho haambiwi tazama, yamkini hawakudhani ingefika siku ambapo mtu angetazama kwa macho yake mawili, akaona, kisha akaambiwa kwamba hakuona kitu.

Siku hiyo imefika. Mnamo Agosti 7, 2024, Kamala Harris, aliyekuwa akiwania urais wa Marekani kwa tiketi ya chama cha Democratic, alihutubia maelfu ya wafuasi wake katika uwanja wa ndege wa Detroit, jimbo la Michigan. Wapigapicha wa mashirika mbalimbali ya habari walikuwapo, na mkutano ukapeperushwa moja kwa moja katika runinga. Siku nne baadaye, mpinzani wake Donald Trump, ambaye hatimaye alishinda uchaguzi huo, aliandika mtandaoni kwamba umati ule haukuwapo kabisa na kwamba picha iliyoenea ilikuwa imetengenezwa kwa akili unde, yaani teknolojia inayoiwezesha kompyuta kubuni picha ya tukio ambalo halijawahi kutokea.

Picha ilikuwa ya kweli. Video za wanahabari na za watu waliohudhuria zilithibitisha hivyo. Hata hivyo, dai hilo lilifichua jambo ambalo wengi hawakuwa wamelitilia maanani. Kwa miaka kadhaa ulimwengu umekuwa ukionywa kwamba picha za uongo zitaaminiwa. Ni wachache waliotanabahi kwamba onyo lenyewe lingeweza kugeuzwa silaha: mwenye hatia anaponaswa na kamera, hana haja tena ya kujitetea. Anachohitaji ni kusema, "Hiyo ni kompyuta."

Kwa nchi kama Kenya, ambako raia wa kawaida mwenye simu ya mkononi amekuwa shahidi mkuu wa maovu yanayotendwa mchana peupe, hili si suala la wapenzi wa kamera na vifaa vya kisasa peke yao. Ni suala la haki, na mara nyingine ni suala la uhai.

Mwaka wa kushangaza

Mwaka 2023 ndio ulioufungua ukurasa huu mpya. Mwezi Machi, picha ya Papa Francis akiwa amevalia koti jeupe la kifahari lililofura kama godoro ilizagaa kote ulimwenguni. Mamilioni waliicheka na kuisambaza kabla ya kubainika kwamba ilitengenezwa kwa programu iitwayo Midjourney. Papa hakuwahi kulivaa koti hilo.

Mnamo Mei 22 mwaka huo huo, picha iliyoonyesha moshi mzito karibu na makao makuu ya wizara ya ulinzi ya Marekani, Pentagon, ilisambazwa katika Twitter pamoja na taarifa kwamba kulikuwa kumetokea mlipuko. Hakukuwa na mlipuko wowote. Hata hivyo, bei za hisa ziliteleza kwa dakika chache kabla ya maafisa wa zimamoto kukanusha habari hizo.

Wapigapicha wenyewe walitikiswa. Mnamo Aprili 2023, msanii Mjerumani Boris Eldagsen, aliyekuwa ametangazwa mshindi katika kitengo kimoja cha tuzo za Sony World Photography Awards, aliikataa zawadi hiyo. Alieleza kwamba kazi aliyowasilisha ilikuwa zao la akili unde, na kwamba alitaka kuzua mjadala kuhusu mustakabali wa fani hiyo.

Mwaka mmoja baadaye kioja kikawa kinyume. Mnamo Juni 2024, ilibainika kwamba mpigapicha Miles Astray alikuwa ameingiza picha halisi katika kitengo cha picha za akili unde cha shindano la 1839 Awards. Ilimwonyesha ndege aina ya flamingo aliyeonekana kana kwamba hana kichwa, ilhali alikuwa ameinamisha shingo akijikuna tumboni. Majaji waliipa nafasi ya tatu, na umma ukaichagua kuwa bora katika kitengo hicho. Astray alipofichua ukweli, aliondolewa shindanoni.

Wasomaji wengi walikichukulia kisa cha flamingo kama mzaha. Waama, kina uzito kuliko kile cha koti la Papa. Koti la Papa lilionyesha kwamba uongo unaweza kuaminiwa. Flamingo alionyesha kwamba hata majaji wenye uzoefu wanaweza kuutazama ukweli na kuudhania uongo. Jicho limeshindwa pande zote mbili, na mahali ambapo jicho limeshindwa, hapana budi kutafuta msingi mwingine wa kuamini.

Ughushi si jambo geni

Ni kosa kudhani kwamba zamani picha hazikusema uongo. Katika Muungano wa Sovieti chini ya Josef Stalin, mafundi waliwafuta katika picha viongozi waliokosana na mkuu huyo. Nikolai Yezhov, aliyekuwa mkuu wa polisi wa siri, alionekana akitembea kando ya Stalin penye mfereji wa maji. Baada ya kuuawa mwaka 1940, picha hiyo ilichapishwa tena huku pale aliposimama pakiwa na maji matupu.

Mnamo Februari 1982, jarida la National Geographic la Marekani liliyasogeza mapiramidi ya Giza, nchini Misri, kwa kutumia kompyuta ili picha iliyopigwa kwa upana iweze kutoshea kwenye jalada lililosimama wima. Na wakati wa vita vya Iraq mwaka 2003, gazeti la Los Angeles Times lilimfuta kazi mpigapicha wake baada ya kugunduliwa kwamba alikuwa ameziunganisha picha mbili kuwa moja ili ipendeze zaidi. Mnamo Julai 2008, Iran ilitoa picha ya makombora manne yakiruka angani kwa pamoja. Punde ikajitokeza picha nyingine ya tukio hilo iliyoonyesha kwamba ni matatu tu yaliyokuwa yameruka.

Mdadisi akivitazama visa hivi kwa makini atang'amua kwamba vinafanana kwa jambo moja. Katika kila kisa, uongo uliumbuliwa kwa sababu mahali fulani palikuwa na nakala asili. Yezhov alifutwa, lakini picha ya kwanza ilikuwa imehifadhiwa. Picha mbili za Iraq zilikuwapo, na kombora la nne likafichuliwa na picha iliyopigwa bila kombora hilo.

Enzi za ukanda wa filamu, nakala asili ilikuwa kitu cha kushikwa mkononi. Marehemu Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, aliporekodi baa la njaa la Ethiopia mwezi Oktoba 1984 akiwa na mwanahabari Michael Buerk wa BBC, hakuna aliyeweza kudai kwamba watu wale waliokonda walibuniwa. Palikuwa na mkanda, palikuwa na mpigapicha aliyejulikana kwa jina, na palikuwa na shirika la habari lililoweka heshima yake rehani. Ulimwengu uliamini na kutoa msaada.

Kwa hivyo, imani katika picha haikutokana na jicho la mtazamaji pekee. Ilitokana na mnyororo: nani aliipiga, wapi, lini, na ilipita mikononi mwa nani kabla ya kumfikia mtazamaji. Teknolojia ya sasa imeukata mnyororo huo, na juhudi zote za maana zinazoendelea zinalenga kuuunganisha upya.

Kamera yenye lakiri

Watengenezaji wa kamera wameliona pengo hilo. Mnamo Februari 2021, kampuni za Adobe, Arm, Intel, Microsoft na Truepic, pamoja na shirika la BBC, ziliunda muungano uitwao C2PA ili kuweka utaratibu mmoja wa kuthibitisha asili ya picha. Mnamo Oktoba 2023, kampuni ya Leica ya Ujerumani ikazindua M11-P, kamera ya kwanza madukani iliyokuwa na utaratibu huo ndani yake. Bei yake nchini Marekani ilizidi dola 9,000, yaani zaidi ya shilingi milioni moja za Kenya.

Utaratibu wenyewe unaweza kufananishwa na lakiri, ile nta nyekundu ambayo wakubwa wa zamani waliitumia kufungia barua. Pindi kitufe kinapobonyezwa, kamera hukokotoa tarakimu zinazoiwakilisha picha hiyo pekee, mithili ya alama ya vidole, kisha huzitia saini ya kidijitali kwa ufunguo wa siri uliofichwa ndani ya mitambo yake. Mtu akibadilisha hata nukta moja ya picha, tarakimu hazitalingana tena na lakiri itaonekana imevunjika. Mhariri akipunguza mwanga au kukata ukingo kwa programu inayofuata utaratibu huo, mabadiliko hayo huandikwa kama katika daftari, na kila mtu anaweza kuyasoma.

Teknolojia hiyo imeanza kushuka kutoka kwa matajiri. Mnamo Agosti 2025, Google ilizindua simu za Pixel 10 ambazo programu yake ya kamera huweka hati ya aina hiyo katika kila picha. Samsung nayo, katika simu za Galaxy S25 zilizotoka mapema mwaka huo, iliweka alama ya namna hiyo katika picha zilizohaririwa kwa akili unde.

Hata hivyo, lakiri nayo huvunjwa. Mnamo Septemba 2025, kampuni ya Nikon ya Japani ililazimika kusimamisha huduma yake ya uthibitisho na kufuta hati zote ilizokuwa imetoa kwa kamera aina ya Z6III. Mtumiaji mmoja alikuwa amegundua kwamba, kwa kutumia uwezo wa kamera hiyo wa kuunganisha picha kadhaa kuwa moja, ingeweza kutia saini picha ambayo haikuipiga. Mlinzi alikuwa macho mlangoni ilhali dirisha liko wazi.

Fauka ya hayo, lakiri iliyo salama kabisa haisemi kila kitu. Inathibitisha kwamba kamera fulani ilipiga picha fulani na kwamba hakuna aliyeibadilisha kwa siri. Haithibitishi kwamba tukio lilikuwa la kweli na si la kuigizwa. Haithibitishi maneno yanayoandikwa chini yake. Na uongo ulio rahisi zaidi hauhitaji kompyuta yoyote: ni kuchukua picha ya kweli ya mwaka mmoja au nchi moja na kudai ni ya leo na ya hapa kwetu.

Kenya ina mfano wake. Mnamo Machi 2023, Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) ilichapisha mtandaoni picha za watu iliodai kuwa walizua fujo katika maandamano ya upinzani. Wakenya walizichunguza na kutambua kwamba baadhi zilikuwa za matukio ya zamani. Idara hiyo iliziondoa na kuomba radhi kwa mkanganyiko huo. Hapakuwa na akili unde katika mkasa huo. Ni picha zilizotenganishwa na tarehe zao.

Mashahidi wa Juni 25

Umuhimu wa kuulinda mnyororo huo ulidhihirika wazi baada ya matukio ya Juni 25, 2024. Siku hiyo, maelfu ya vijana waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha walifika katika majengo ya Bunge jijini Nairobi, na baadhi yao wakauawa kwa risasi. Mamia ya watu walikuwa wakirekodi kwa simu na kamera.

Mnamo Aprili 28, 2025, kitengo cha Africa Eye cha BBC kilitoa filamu ya uchunguzi kuhusu mauaji hayo, iitwayo Blood Parliament. Wachunguzi walichambua zaidi ya picha 5,000 ili kuwatambua maafisa wa usalama waliofyatua risasi. Baadhi ya wabunge waliishutumu filamu hiyo vikali, wakidai ilipendelea upande mmoja. Watetezi wa haki nao walitaka waliotambuliwa wachukuliwe hatua.

Msomaji na azingatie mbinu iliyotumiwa, kwa kuwa ndiyo kiini cha uchambuzi huu. Wachunguzi hawakusema tu, "Tazameni picha hii." Walizipanga picha kwa dakika na sekunde. Ili kujua saa hasa, walitegemea maelezo yaliyomo ndani ya faili za kamera, saa za matangazo ya moja kwa moja ya mtandaoni, na hata saa za ukutani zilizoonekana nyuma ya watu. Kisha wakaziweka picha hizo katika mchoro wa kompyuta wa majengo ya Bunge ili kubaini kila mtu alisimama wapi.

Ushahidi wa aina hiyo ni mgumu kukanushwa. Mtu anaweza kudai kwamba picha moja ni ya kubuni. Ni vigumu mno kudai kwamba watu wengi wasiojuana, kutoka pembe tofauti na kwa simu tofauti, walibuni tukio lile lile katika sekunde ile ile. Wingi wa picha huwa ngao, mradi kila moja iwe na saa yake na mahali pake.

Mwaka uliofuata, Juni 17, 2025, mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi ya kichwa kutoka karibu katikati mwa jiji la Nairobi wakati wa maandamano. Video ya kisa hicho ilienea kwa dakika chache. Mchuuzi huyo alifariki hospitalini mwishoni mwa mwezi huo, na afisa wa polisi akashtakiwa kwa mauaji. Ni nani anayeweza kuhakikisha kwamba, bila kamera, kesi hiyo ingefika mahakamani?

Lakini picha peke yake haishindi kesi. Wakenya waliokuwa watu wazima mwaka 2008 hawajasahau mkanda wa runinga ya KTN uliomwonyesha polisi akiwafyatulia risasi vijana waliokuwa wakiandamana katika mtaa wa Kondele, Kisumu, mwezi Januari, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Taifa zima liliona. Afisa mmoja alishtakiwa. Hata hivyo, mnamo 2010 Mahakama Kuu ilimwachilia kwa kuwa nambari ya bunduki iliyochunguzwa na wataalamu haikulingana na ile ya bunduki aliyodaiwa kukabidhiwa. Mkanda ulikuwapo, mnyororo wa ushahidi ulikatika kwingineko.

Funzo ni kwamba mahakama haiulizi tu picha inaonyesha nini. Huuliza imetoka wapi. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, katika kifungu cha 106B, inataka rekodi ya kielektroniki iandamane na hati inayoeleza jinsi ilivyopatikana na kifaa kilichotumika. Picha iliyopitia makundi kumi ya WhatsApp, isiyojulikana nani aliipiga, inaweza kumliza kila anayeitazama na bado ikashindwa kusimama mbele ya hakimu.

Mtandao unaofuta daftari

Hapa ndipo palipo na kitendawili. Simu ya kisasa inapopiga picha, huandika ndani ya faili tarehe, saa, aina ya simu, na, iwapo mwenyewe ameruhusu, mahali alipokuwa. Hata simu za bei nafuu hufanya hivyo. Hiyo ndiyo nakala asili ya zama zetu, mrithi wa ule ukanda wa filamu.

Lakini picha hiyo inapotumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, programu huipunguza ukubwa na kuyafuta maelezo hayo ya ndani. Anayeipokea hupata sura bila historia. Naye akiisambaza zaidi, au akipiga picha ya skrini na kuituma kwingine, ubora hupungua tena na asili yake huzidi kupotea. Baada ya siku chache, mwenye picha hufuta faili simuni ili kupata nafasi ya picha nyingine, na hapo ushahidi huwa umezikwa bila matanga.

Kuna wanaouliza: je, si afadhali maelezo hayo yafutwe? Swali hilo ni la haki na halifai kubezwa. Maelezo yanayothibitisha kwamba mpigapicha alikuwapo ndiyo hayo hayo yanayoweza kumwongoza adui hadi mlangoni pake. Mwishoni mwa mwaka 2024, vijana kadhaa waliokuwa wameikosoa serikali mitandaoni, baadhi yao kwa picha za kejeli, walitekwa nyara, na kadhaa wakaachiliwa Januari 2025. Katika mazingira kama hayo, kumwambia raia aambatanishe jina lake, saa na mahali alipo katika kila picha anayoisambaza ni kumtosa kwenye hatari.

Kadhalika, wanaopigwa picha nao wana haki zao. Mnamo Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na kituo kimoja cha burudani kikatozwa Sh1.85 milioni kwa kuchapisha picha ya mteja bila ruhusa yake. Kwa hivyo, dai kwamba kila picha na itangazwe pamoja na kila kitu kinachoihusu haliwezi kukubalika.

Suluhu ni kutofautisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya, yaani kuhifadhi na kusambaza. Nakala inayosambazwa yaweza kuwa tupu, isiyo na jina wala mahali, na hata nyuso za wasiohusika zikafichwa. Nakala asili nayo yapaswa kubaki kama ilivyotoka kwenye kamera, bila kukatwa wala kurembwa, mahali salama na nje ya simu inayoweza kunyang'anywa. Ya kwanza huuhabarisha umma, na ya pili huusubiri mahakama na historia.

Kinachohitajika kufanywa

Hatua za mwananchi si ngumu wala hazihitaji kamera ya shilingi milioni moja. Kwanza, asiifute wala kuihariri faili ya kwanza. Akitaka kuipunguza au kuiwekea maandishi, atumie nakala. Pili, akilazimika kumpa mwanahabari, wakili au mchunguzi anayemwamini, aitume kama dokumenti wala si kama picha ya kawaida, maana kwa njia hiyo faili hufika ilivyo. Tatu, apige pia picha ya mazingira: jina la barabara, jengo linalotambulika, saa ya ukutani. Picha ya jeraha peke yake huumiza moyo, lakini picha inayoonyesha jeraha na barabara huthibitisha. Nne, kabla ya kuisambaza picha aliyotumiwa, aitafute kwa huduma kama vile Google Lens au TinEye, ambazo huonyesha iwapo picha hiyo iliwahi kuchapishwa miaka iliyopita au katika nchi nyingine.

Vyombo vya habari navyo vina wajibu mkubwa zaidi. Mnamo Machi 10, 2024, mashirika ya AP, AFP, Reuters na Getty yaliiondoa picha ya familia ya Kate, Binti Mfalme wa Wales nchini Uingereza, baada ya kuona ishara kwamba ilikuwa imehaririwa. Siku iliyofuata alikiri kwamba aliihariri mwenyewe na kuomba radhi. Wapo waliodhihaki kwamba mashirika makubwa yalihangaika na mkono wa sweta ya mtoto. Lakini shirika linalokataa kufumbia macho sweta ndilo litakaloaminiwa siku litakapoleta picha ya maiti.

Vyumba vya habari nchini vinafaa kutangaza kanuni zao waziwazi: ni mabadiliko gani yanayoruhusiwa katika picha, nakala asili huhifadhiwa wapi na kwa muda gani, na picha za raia huthibitishwa vipi. Zaidi ya yote, jina la mpigapicha na tarehe ya kupigwa kwa picha lisiwe pambo la kuongezwa panapobaki nafasi.

Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi (IPOA), nayo, ingeusaidia umma iwapo ingeeleza kwa lugha nyepesi jinsi raia anavyoweza kuwasilisha faili asili bila kujihatarisha. Uchunguzi wa Bunge ulionyesha kwamba ushahidi umo mikononi mwa wananchi. Haikustahili kwamba shirika la habari la kigeni ndilo liwe la kwanza kuupanga kwa utaratibu wa dakika na sekunde.

Uharaka wa haya yote unaonekana mtu akiitazama kalenda. Uchaguzi mkuu umepangiwa Agosti 2027. Hapana shaka kwamba picha ghushi zitakuwapo: mgombea akidaiwa kusema asilolisema, karatasi za kura zikionyeshwa pasipokuwa na karatasi. Hizo zitahitaji kufichuliwa. Lakini tuwe macho pia kwa upande wa pili. Ataonekana afisa akibadilisha fomu, au askari akimlenga asiye na silaha, naye msemaji atatoka mbele ya maikrofoni na kusema kwa utulivu kwamba siku hizi kompyuta hufanya maajabu.

Siku hiyo, swali halitakuwa kama tunaamini macho yetu. Swali litakuwa kama aliyepiga picha ile bado anayo faili ya kwanza, na kama kuna mwingine aliyesimama ng'ambo ya barabara aliyehifadhi yake pia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ushahidi ni mali ya wanyonge kuliko ilivyo mali ya wakubwa. Anayeifuta leo picha ya jana ili kupata nafasi ya ya kesho na afikirie mara mbili kabla ya kubonyeza kitufe hicho.